Madebe Tisa ya Machipukizi

Khampan aliupiga msumari ambao haukuwepo. Nyundo ikatua kwenye bati, ikaacha tundu jipya shubiri moja kutoka lile alilopanda kuliziba, naye akabaki ameinama juu ya paa la jiko, akipepesa macho kama mtu aliyerushiwa mchanga.

"Saengla!" aliita. "Leo tumetajirika. Kila msumari umezaa pacha."

Mkewe, aliyekuwa chini akichuma maharage marefu kwenye uzio, alicheka bila kuinua kichwa. "Basi teremka nao hao pacha, tuwauze."

Mzaha wa namna hiyo ndio uliokuwa chumvi ya nyumba yao. Miaka mitatu nyuma, bei ya mahindi ilipoanguka na bonde zima la Nong Hiang, huko kaskazini mwa Thailand, likabaki na magunia yasiyo na mnunuzi, mume na mke hawa walikaa barazani wakaapa kwamba kinachoweza kufanywa na mikono hakitafanywa na pochi. Tangu siku ile Khampan alisuka upya nyaya za mota ya pampu, akashona ndala kwa mipira ya magurudumu, akaifunga pikipiki yao kwa waya na subira. Saengla alifuga bata, akapanda mpunga na mboga, akavundika soya, akapika sabuni. Cha kununua kilibaki chumvi, na petroli kidogo.

Wapo waliowasifu, wapo waliowacheka. Aliyewacheka kwa sauti kubwa alikuwa Thawin, muuzaji aliyepita kila asubuhi na pikapu iliyoning'inizwa vifuko vya samaki, tofu na nyanya pande zote, kipaza sauti kikilia juu ya paa. Hakupita langoni kwa Saengla bila kupunguza mwendo. "Shangazi, leo nikupimie nini? Kivuli cha pikapu?" Naye Saengla humjibu, "Kivuli ninacho changu, mwanangu, tena hakina harufu ya samaki wa juzi."

Asubuhi hiyo Khampan aliposhuka, mguu wake ulikosa kipago cha mwisho cha ngazi, akaketi chini kwa kishindo. Saengla alikwenda kumcheka, akakuta hakuna cha kuchekwa. Kope za mumewe zilikuwa zimeshuka hadi nusu ya macho. Alikuwa ameinua uso juu ili aweze kumwona, kama mtu anayechungulia chini ya pazia.

"Jua," Khampan alisema. Lakini neno lilitoka zito, la puani, kana kwamba ameweka gololi mdomoni. "Nipe maji. Koo limekauka tangu alfajiri."

Alimpa. Maji yakaingia, yakarudi kwa njia ya pua.

"Kunywa polepole, wewe."

"Nakunywa polepole. Hayashuki."

Saengla aliweka kiganja kwenye paji la uso wake. Hakuwa na homa hata chembe. Hilo lilimtisha kuliko ambavyo homa ingemtisha, na hakujua kwa nini, mpaka Onsi alipotokea mbio kwenye pengo la uzio.

Onsi alikuwa jirani wa mlango wa pili, mjane wa miaka arobaini aliyebaki na mama mkwe wake, Bibi Fongkaeo, wakaishi kama mtu na mama mzazi. "Dada Saengla," alisema akihema, "una ile dawa yako ya tangawizi? Mama hawezi kumeza. Tangu alfajiri namlisha uji unatoka. Na macho yake, sijui amelala vibaya, hayafunguki vizuri."

Saengla alimtazama Onsi, kisha akamtazama mumewe aliyeegemea ngazi. Kikapu cha maharage kikamponyoka.

"Jana mchana alikula nini?"

"Mama? Yale machipukizi uliyotuletea. Nilimtengenezea na pilipili ya kutwanga. Mimi nilikuwa shambani."

Hapo ndipo Saengla alipolikumbuka bango. Lilibandikwa ukutani kwenye zahanati, nalo alikuwa amelitazama mara nyingi akisubiri zamu yake: uso uliochorwa, kope zimelegea, na kando yake debe la bati. *Machipukizi ya mianzi yaliyofungwa bila kuchemshwa saa nzima yana sumu. Sumu haina harufu. Haina rangi.* Alikuwa amelisoma kwa dharau. Bibi zake walikuwa wakifunga machipukizi kabla wauguzi hawajazaliwa.

Na sasa jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu lilimjia kama maji ya mafuriko yanayoingia kwa mlango wa nyuma.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mvua haikati. Walikuwa wamechimba machipukizi ya kutosha madebe tisa. Kazi waliigawa kama kawaida: yeye anachemsha madebe yakiwa yamejaa, Khampan anayafunga kwa kulehemu, akiacha tundu dogo la kutolea mvuke ambalo huliziba mwisho kwa tone la risasi iliyoyeyushwa. Mafundi wa mjini walitoza kwa kila debe, wao hawakulipa kitu. Madebe saba yalichemka saa nzima. Kwa mawili ya mwisho kuni zilikuwa zimelowa chepechepe, moto ukawa wa kubembeleza. Wakati huohuo pikapu ikapita. "Mkaa, Shangazi? Mkavu, unaungua wenyewe." Naye akamjibu, kwa sauti iliyofika nyumba tatu, "Nizaliwe msituni nikanunue moto?" Wanawake waliokuwa kisimani walicheka mpaka wakashika mbavu. Baada ya kicheko kile asingeweza kumwita arudi. Maji yalichemka robo saa hivi, moto ukafa. Khampan alipotoka kufuata risasi ya kulehemea, akauliza, "Yameiva?" Akajibu, "Yameiva."

Matatu walikwisha kuyala miezi iliyopita, na hakuna aliyekohoa. La nne lilifunguliwa jana. Yeye mwenyewe alikula mabaki jioni, tena kwenye mchuzi uliochemka muda mrefu, kwa kuwa siku zote alikula mwisho.

"Dada?" Onsi alimshika mkono. "Mbona umekuwa mweupe hivyo?"

"Ni machipukizi yangu," Saengla alisema. "Yana sumu. Wote wawili wapelekwe hospitali sasa hivi."

"Sumu gani? Mama ana miaka sabini na nane, asubuhi nyingine huwa ..."

"Onsi! Mtazame Khampan. Ana miaka sabini na nane huyu?"

Khampan alitaka kusema kitu. Kilichotoka hakikuwa neno.

Kipaza sauti kikasikika kwenye kona, kikiimba samaki na tofu. Saengla alikimbia akasimama katikati ya njia, mikono ameitanda, na pikapu ikasimama imemkaribia magoti. Thawin alitoa kichwa. "Makubwa! Shangazi leo ananunua!"

"Nina wagonjwa wawili. Wapakie, uwapeleke hospitali ya wilaya. Mwaga samaki, mwaga kila kitu, nitalipa."

Thawin alimwona Khampan nyuma yake akivutwa na Onsi, miguu ikiburuta, akaacha utani. Alikuwa kijana mwepesi. Kabla Bibi Fongkaeo hajaletwa akiwa amebebwa mgongoni, matenga yalikuwa yamekwisha kushushwa kando ya barabara na mkeka umetandikwa.

"Jana niligawa nyumba nyingine mbili," Saengla alimwambia. "Na wao wamepita wakigawa, najua. Piga kipaza sauti njia nzima. Sema aliyekula machipukizi ya debe apande gari. Ambaye hajala asile, asimpe hata kuku."

"Nitaje jina lako?"

Walitazamana. Wanawake walikuwa wamekwisha kutoka malangoni.

"Litaje. Bila jina watajuaje ni yapi?"

Thawin alishika kipaza sauti, na kwa sauti yake iliyozoea kuuza akatangaza: "Machipukizi ya Shangazi Saengla yana sumu. Narudia. Machipukizi ya Saengla mke wa Khampan yana sumu." Kwa Saengla ilikuwa kama kuvuliwa nguo sokoni. Akaweka mguu kwenye bodi ya gari apande akae na mumewe, kichwa chake akipakate. Na mguu ukiwa pale pale, akakumbuka debe la tano.

Alilipeleka hekaluni juzi. Leo hekalu la Doi Kham, ng'ambo ya kilima, lilikuwa na sadaka ya kuezekea ukumbi mpya. Vijiji vitatu vimekusanyika. Watawa hula kabla ya adhuhuri, na wao wakishamaliza, umati wote hukaa kula. Alitazama jua. Ilikuwa inaelekea saa nne.

"Piga simu hekaluni!" alimwambia Onsi.

Onsi alipiga. Akapiga tena. "Haipokelewi. Watakuwa kwenye sala."

Khampan alikuwa amelala chali, macho yamefumba, kifua kikipanda kifupi kifupi. Saengla aliinama sikioni mwake. "Debe moja liko hekaluni," alimwambia. "Baba wee, nifanyeje?"

Mkono wa Khampan ulipapasa hewani. Ukampata begani. Ukamsukuma ashuke garini.

*

Pikipiki ilikuwa kitu cha Khampan. Kuiwasha kulitaka ujue pa kuipiga teke, pa kuibana waya, na kuomba. Saengla alikuwa ameiendesha mara nyingi kwenda shambani, kamwe si kupandia kilima. Iliwaka kwa teke la sita, ikatoa moshi kama tanuri la matofali, ikaondoka.

Njia ya Doi Kham hupanda kwa kujipinda kati ya mashamba ya mahindi yaliyochomwa. Alikaza mkono wa mafuta mpaka vidole vikafa ganzi. Kichwani hesabu moja tu ilikuwa ikizunguka: jana mchana hadi leo asubuhi. Mtu hula, hucheka, hulala, huamka, ndipo. Wangekula leo wote, wangerudi vijijini kwao wakisifu pilipili, na kesho asubuhi vijiji vitatu vingeamka vinaona misumari pacha.

Kwenye kona ya nne pikipiki ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza.

"Usinifanyie hivi," aliiambia. Aliipiga teke. Kimya. Aliipiga mpaka ndala ikachomoka na kisigino kikavuja damu. Mbele yake kilima, nyuma yake kilima, hakuna gari, kwa maana kila mwenye gari alikuwa tayari hekaluni. Kwa miguu ilikuwa saa nzima. Aliketi chini, akalia kwa sauti, kilio kifupi cha hasira kama cha mtoto aliyenyang'anywa kitu, kisha akainuka akajifuta kamasi kwa kanga ya kichwa.

Alikuwa amemwona Khampan akiitengeneza mara elfu, akimsemesha huku akifanya, naye hakuwahi kusikiliza zaidi ya nusu. Alifungua kiboksi chini ya kiti, akatoa spana iliyofungwa kwenye kitambaa. Akaichomoa plagi, injini ilikuwa ya moto, ikamuunguza vidole viwili. Plagi ilikuwa nyeusi, imelowa petroli. Akaikwangua kwa kibanio cha nywele, akaipuliza, akaisugua kwenye upindo wa sketi mpaka ncha ikang'aa. Akairudisha, akaipindisha mara mbili kabla haijakamata uzi. Teke la kwanza, kimya. La pili, ikakohoa. La tatu, akasikia ile ngurumo chafu aliyokuwa akiilalamikia kila siku, na hajawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Alipoingia uwanjani kwa hekalu, watu walikuwa wamejaa chini ya maturubai, na watawa tisa wameketi kwenye jukwaa, sinia zikiwa mbele yao. Sala ilikuwa inamalizika. Aliitupa pikipiki chini bila kuizima.

Jikoni, nyuma ya ukumbi, aliyetawala alikuwa Mama Buppha, mwanamke mpana mwenye kauli nzito, ambaye kwa miaka kumi hakuna sufuria iliyoinuliwa hekaluni bila idhini yake. Alimwona Saengla anaingia hana ndala mguu mmoja, uso mweusi kwa masizi.

"Enhe, malkia wa bure amefika. Umekuja kukagua tumetumia chumvi kiasi gani?"

"Debe langu. Mmelifungua?"

"Tumelifungua, tumekata, tumetwangia pilipili. Sinia zimeshatoka. Watu wanasifu rangi yake."

"Yarudisheni. Yana sumu."

Visu vilinyamaza. Mama Buppha alicheka, lakini si sana. "Sumu? Nimeyaonja mwenyewe, mara mbili. Matamu, hayanuki, debe halikuvimba. Saengla, huu si mchezo, kuna vijiji vitatu hapa."

"Hata letu halikunuka. Khampan yuko njiani kwenda hospitali. Hawezi kumeza, hawezi kufungua macho. Na Bibi Fongkaeo pia."

"Si wewe uliyetusimanga sote kwenye harusi ya mpwa wangu? Kwamba anayenunua chakula hununua ugonjwa wake?"

"Ni mimi."

"Na leo ..."

"Ni mimi, Dada Buppha, nitukane baadaye!"

Akamwacha, akakimbilia ukumbini. Si desturi mwanamke kukimbia mbele ya watawa, wala kuwakatiza wakiwa wamekwisha kunyoosha mkono. Watu walianza kunong'ona, mmoja akamshika sketi. Alipiga magoti chini ya jukwaa, akaunganisha viganja, na mbele ya viganja vyake akamwona mkuu wa hekalu, mzee mkavu mwenye miwani, ameshika tonge la wali wa kunata, amelichovya nusu.

"Baba Mtawa, usile!"

Tonge lilibaki hewani.

"Machipukizi haya nimeyatoa mimi. Sikuyachemsha inavyopasa. Moto ulinizimikia, nami nikanyamaza. Mume wangu amekula jana, leo anakufa. Naomba msile, nawaombeni nyote, msile."

Ukumbi ulinyamaza hata wakasikika njiwa wa paa la zamani. Mtawa mmoja kijana mwisho wa safu alikuwa amekwisha kumeza. Alijua kila mtu anamtazama, akaweka mkono kooni. Mkuu wa hekalu alilirudisha tonge kwenye sinia, taratibu, akaisukuma sinia mbali.

"Aliyekula hata kidogo asimame," alisema. "Asione haya. Huyu mama ameshaona haya kwa niaba yetu sote."

Walisimama watu kumi na mmoja, mtawa kijana miongoni mwao. Wa mwisho kusimama, mlangoni kwa jiko, huku ameshika nguzo, alikuwa Mama Buppha.

*

Saengla alimkuta Khampan jioni katika hospitali ya mkoa, alikohamishiwa kutoka ya wilaya, bomba limeingia kooni na mashine ikimvutia pumzi. Daktari, mwanamke kijana aliyeonekana hajalala, alimweleza kwa maneno machache: sumu inafunga misuli kuanzia macho kushuka chini, dawa ya kuizuia imeagizwa kutoka mbali, itafika kesho, hadi hapo, mashine. "Usimwone hivi ukadhani hayupo," alisema. "Anasikia kila kitu. Amefungiwa ndani tu."

Watu watano wa Nong Hiang walikuwa kwenye mashine au wakingojea mashine. Wale kumi na mmoja wa hekaluni walilazwa wodi ya jirani wakiwa bado wanatembea. Dawa ilipofika kesho yake iliwakuta mwanzoni. Mama Buppha aliona vitu viwili viwili kwa siku kumi, na mtawa kijana alipoteza sauti kwa mwezi. Hakuna hata mmoja wao aliyefikia kuvutiwa pumzi.

Bibi Fongkaeo alikufa siku ya tatu.

Saengla hakwenda mazishini. Alituma mchele na nguo nyeupe, vikarudishwa, si kwa matusi, vimekunjwa vizuri vilevile alivyovikunja. Alibaki kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda, akimpaka mumewe maji midomoni, akimgeuza, akimkanda miguu, akingojea ajisikie ana ujasiri. Siku ya tisa aliona ujasiri hauji, akasema bila huo.

Kwa kidole gumba aliinua kope ya jicho la kulia la Khampan, kwa maana haikuweza kuinuka yenyewe. Jicho lilimtazama. Lilikuwa lilelile, la mtani.

"Siku ile ulipouliza kama yameiva," alisema, "nilikudanganya. Yalichemka robo saa. Kuni zililowa, Thawin alikuwa na mkaa, nikaona aibu kununua baada ya kumtania. Mkaa wa kikapu kimoja, Khampan. Nimemuua Bibi Fongkaeo kwa kikapu kimoja cha mkaa, nikakuweka wewe hapa."

Jicho halikuondoka kwake. Kidole cha mkono wa kulia, ambacho siku mbili hizo ndicho pekee kilichorudi kwenye uhai, kilikwaruza shuka. Akaweka kiganja chake chini yake. Kidole kikaandika herufi moja, kikapumzika, kikaandika nyingine. Ilichukua muda ambao muuguzi aliweza kuja, kubadilisha chupa ya maji na kuondoka.

*Nilijua.*

"Ulijua nini?"

*Mvuke.*

Hakuelewa. Kisha akaelewa, na kope ikamponyoka kidoleni. Debe lililochemka vizuri hupuliza mvuke kwenye lile tundu la mwisho kiasi cha kumuunguza fundi. Ndiyo maana Khampan hujifunga kitambaa mkononi anapoliziba. Madebe yale mawili hayakupuliza. Aliyagusa akayakuta vuguvugu, akaona ni machipukizi mengi mno kutupwa, mkewe amekwisha kuchoka, na mvua inanyesha. Akadondosha tone la risasi, akanyamaza, sawasawa na yeye alivyonyamaza.

Saengla aliinua tena ile kope. Chozi lilikuwa limejaa ndani, halina pa kutokea. Walitazamana hivyo mpaka kidole chake gumba kikachoka.

*

Khampan alitolewa mashine baada ya wiki sita. Alirudi nyumbani mwanzo wa mvua, amekonda kama ufito, akitembea na mkongojo aliokataa kuutengeneza mwenyewe. Walimpa hospitalini naye akaupokea. Watu wa afya walikuwa wamekwisha kuchukua madebe manne yaliyobaki chini ya sakafu, wakayapima. Yote manne yalikuwa safi, lakini hakuna aliyeyataka, hata wao wenyewe. Yalifukiwa nyuma ya zahanati.

Siku ya tatu ya kurudi, Khampan alisema, kwa ile sauti yake mpya ya kukwaruza, "Twende."

"Huwezi kufika."

"Ni mlango wa pili, Saengla. Hata kobe angefika."

Onsi alikuwa barazani, mbele yake lundo la mahindi ya mbegu, akipukuchua. Hakuwainukia. Tangu mazishi hakuwa amemsemesha Saengla neno. Pengo la uzio alikuwa amelifunga kwa miiba. Khampan aliketi kwenye ngazi ya chini kwa kuwa miguu ilikataa zaidi, na Saengla akabaki amesimama juani, akaeleza yote: kuni, mkaa, kicheko cha kisimani, robo saa, na mvuke. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye mvuke Khampan alisema, "Hapo ni mimi," akaeleza mwenyewe.

Mikono ya Onsi haikusimama. Mahindi yalidondoka kwenye ungo, tap, tap, tap.

"Mama hakuyataka," alisema hatimaye, bila kuwatazama. "Mnajua? Alisema meno yake mabovu. Alitaka samaki wa Thawin. Mimi nikamwambia, mama, chakula cha Dada Saengla ni kisafi, hakina madawa ya dukani, kula. Nikamwekea kabla sijaenda shambani. Nikamkatia vipande vidogo vidogo." Akachukua gunzi jingine. "Vidogo vidogo, asipate shida kutafuna."

Saengla alifungua kinywa.

"Usiniombe msamaha," Onsi alisema. "Leo sina. Sijui kama kesho nitakuwa nao. Nina mahindi haya, na mvua imeanza, na nimebaki na mikono miwili."

Saengla alipanda ngazi, akaketi upande wa pili wa lundo, mbali kadiri baraza ilivyoruhusu, akachukua gunzi la kwanza. Alingoja kufukuzwa. Onsi aliusogeza ungo kidogo, hadi ukawa katikati yao, akaendelea na kazi.